Tovuti ya shule niliyoanza kuijenga kutokea ofisini kwa karani

Shule nyingi za bweni zina tovuti iliyokufa. Ukiifungua, tangazo la juu kabisa ni la mahafali ya zamani, na picha ya Mkuu wa Shule ni ya yule aliyekwishahama. Watu husema tatizo ni fedha, wengine husema mtandao. Kwa tovuti nilizozishika mimi, tatizo mara nyingi ni kwamba aliyeijenga alimfikiria mgeni atakayeitazama, akamsahau mtu atakayeijaza. Nilipopewa kazi na shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, nikaomba kwanza nikae na karani.

Karani ni mama wa makamo, ananiita mwanangu, na simu yake haipumziki. Januari yote wazazi humwuliza mambo yaleyale: ada ya mwaka huu, akaunti ya benki, siku ya kufungua shule, na fomu ya kujiunga iko wapi. Fomu hiyo huituma kwa WhatsApp, mzazi mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imeskaniwa kurasa kwa kurasa kama picha, faili zito ambalo mzazi mwenye bando la siku hulifikiria mara mbili kabla ya kulipakua. Nikaandika maswali yote aliyoulizwa asubuhi ile, na orodha hiyo ndiyo ikawa ramani ya tovuti. Historia ya shule na dira yake, ambavyo uongozi ulitaka vitangulie, vikashuka chini.

Tovuti ya zamani ilikuwapo, ila ilikuwa gonjwa. Ukitafuta jina la shule Google, baadhi ya majibu yalikuja kwa maandishi ya Kijapani yanayouza viatu. Uvamizi wa namna hii unajulikana: mhalifu hupenyeza kurasa zake ndani ya tovuti yako ili apandishe biashara yake kwenye matokeo ya utafutaji, na mwenye tovuti akiingia mwenyewe haoni kitu. Mlango ulikuwa mandhari (mafaili yanayoipa tovuti sura yake) ya kulipia iliyodukuliwa, zile zinazouzwa kwa bei ya soda kwenye magrupu. Kwenye folda la picha, lile liitwalo uploads, nilikuta faili zinazoishia na .php. Mahali pale hukaa picha na nyaraka. PHP ni lugha ya programu, na ikionekana humo, kuna mtu ameiweka. Sikuhangaika kutibu. Nilichukua maandishi, nikachukua picha nikizikagua, mengine yote nikayaacha yafutwe.

Nikaamua kutumia WordPress, mfumo wa kujengea na kuendeshea tovuti. Drupal, mfumo mwingine wa namna hiyo, naiheshimu, na kwa taasisi yenye idara nyingi ningeifikiria kwanza, lakini hapa nilitaka mfumo ambao nikihama leo, kijana mwingine wa Morogoro mjini anaweza kuushika kesho. WordPress ilianzishwa na Matt Mullenweg na Mike Little mwaka 2003, kutokana na programu ya blogu iliyokuwa imeachwa, b2. Leseni yake ni GPL: unaitumia, unaisoma ndani, unaibadilisha, unaigawa, bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana ile mandhari ya kudukuliwa iliniudhi zaidi. Zipo mandhari za bure, safi, zilizokaguliwa, tele, na mtu bado anakwenda kununua ugonjwa.

Kazi yenyewe niliifanyia kwenye laptopu yangu kwa XAMPP, kifurushi ambacho hukupa Apache (programu ya kuhudumia kurasa za tovuti), PHP na hifadhidata bila kuhitaji intaneti. Umeme ukikatika betri inaendelea, na bando halitumiki kwa majaribio.

Sasa nije kwenye chumba cha karani. WordPress ikiwa mpya hukuonyesha dashibodi yenye menyu nyingi: machapisho, kurasa, maoni, mwonekano, zana, mipangilio. Kwa mtu anayetaka tu kutangaza kwamba likizo imeanza, huo ni msitu. Niliandika plagini ndogo ya shule, yaani programu ya nyongeza kwa WordPress, faili moja la PHP, inayosajili aina mbili mpya za maudhui: Matangazo na Nyaraka. Unaposajili aina ya maudhui kwa register_post_type, amri ya WordPress ya kazi hiyo, unaruhusiwa kutaja mwenyewe kila neno litakaloonekana kwenye kitufe. Kwa hiyo karani huona “Andika tangazo jipya”, “Tangazo limetoka”, “Hakuna tangazo lililopatikana”. Niliyaweka kwenye plagini na si kwenye mandhari kwa makusudi: siku shule ikitaka sura nyingine ya tovuti, mandhari itabadilishwa na matangazo yatabaki.

Kila tangazo nililipa visanduku vitatu vya kujaza: linamhusu nani, linaanza lini, linakwisha lini. Hicho cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye tovuti hii. Ukurasa wa mwanzo unapofunguka, huuliza hifadhidata ilete matangazo ambayo tarehe yake ya mwisho haijapita. Lililopita linajiondoa lenyewe. Na kama hakuna tangazo hai, sehemu nzima ya matangazo hufichika, mgeni haoni pengo. Tarehe ya mwisho ni lazima. Bila hiyo tangazo halitoki. Mwalimu wa taaluma alinung'unika kidogo, kwamba matangazo mengine hayana mwisho. Nikamwambia lisilo na mwisho si tangazo, ni maelezo, na maelezo yana ukurasa wake.

Visanduku hivyo ningeweza kuvitengeneza kwa ACF (Advanced Custom Fields), plagini maarufu mno kwa kazi hiyo. Niliamua kuviandika kwa mkono kwa sababu ya yaliyotokea Oktoba 2024, pale mgogoro wa Mullenweg na WP Engine, kampuni yenye ACF, ulipofika hadi WordPress.org, tovuti inayogawa WordPress na plagini zake, kuichukua nafasi ya ACF kwenye orodha yake ya plagini na kuiita Secure Custom Fields. Desemba mahakama ya Marekani ikaamuru hali irudishwe kama ilivyokuwa. Sina upande katika ugomvi huo. Ila visanduku vitatu havistahili kutegemea plagini ya mtu mwingine, mkubwa au mdogo. Kanuni yangu kwa plagini za watu sasa ni hiyo: kila moja iniambie kwa nini iko. Na kabla ya kuiweka natazama ilisasishwa lini mara ya mwisho na imejaribiwa na toleo gani la WordPress. Iliyolala muda mrefu siigusi hata ikisifiwa.

Kisha ngazi ya mtumiaji. WordPress huja na ngazi tano, kuanzia Msimamizi hadi Msajiliwa. Mhariri hana uwezo wa kugusa plagini wala mandhari, lakini anaweza kufuta kurasa, na hilo nililiona ni kubwa. Nikamtengenezea karani ngazi yake: anaandika matangazo, anapakia nyaraka, basi. Akiingia anakutana na menyu hizo mbili, picha, na wasifu wake. Mafunzo yalimalizika kabla ya chai ya saa nne, na tangazo la kwanza aliliandika mwenyewe nikiwa nimekaa mbali na kompyuta.

Upande wa sura ndipo palipokuwa na mvutano. Mkuu wa Shule alitaka picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa, kama alivyoona kwenye tovuti ya shule jirani. Sikubishana kwa maneno. Tulikwenda getini, nikamwomba mlinzi simu yake, tukafungua tovuti ya jirani halafu ya kwetu iliyokuwa kwenye seva ya majaribio. Ya jirani ilikuwa bado inazunguka wakati Mkuu anasoma ada kwenye ya kwetu. Tukakubaliana picha moja, ya wanafunzi wakiwa maabara, na rangi za sare ya shule kwenye kichwa cha ukurasa na vitufe.

Picha zina kazi yake. Walimu hupiga kwa simu na kupakia zilivyo, kila moja na megabaiti zake. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, WordPress hupunguza picha inayozidi pikseli 2560 na kutumia iliyopunguzwa, na tangu 4.4 kivinjari cha simu huchagua chenyewe nakala ndogo inayoitosha. Mimi niliteremsha kikomo hicho hadi 1600. Kwa tovuti ya shule inatosha kabisa. Angalizo: picha asilia hubaki kwenye seva hata baada ya kupunguzwa, na nafasi mliyolipia hujaa kimyakimya, kwa hiyo zifutwe mara kwa mara. Fomu ya kujiunga niliichapa upya. Ikawa ukurasa wa kawaida unaosomeka simuni, pamoja na PDF nyepesi kwa anayetaka kuchapisha.

Ombi moja nililikataa. Mhasibu alitaka majina ya wanafunzi wanaodaiwa ada yawekwe kwenye tovuti, wazazi wapate msukumo. Nilimweleza kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba jina la mtoto likishaingia Google halitoki kwa kulifuta tu kwetu. Alinielewa, ingawa kwa uso wa mtu mwenye vitabu visivyofunga.

Makabidhiano yalichukua nguvu kuliko nilivyopenda, kwa sababu ya domeni, yaani anwani ya tovuti. Ile inayoishia na .sc.tz, iliyotengwa kwa shule, ilikuwa imesajiliwa kwa barua pepe ya fundi aliyetangulia, naye hapatikani. Ilibidi shule iandike barua yenye mhuri kwa msajili na kungoja. Sasa domeni na seva viko kwa jina la shule na barua pepe ya ofisi. Nenosiri la Msimamizi limo kwenye bahasha ndani ya kabati la Mkuu. Masasisho madogo ya usalama hujiweka yenyewe. Makubwa nayajaribu kwanza kwenye laptopu. Nakala rudufu hutoka kila wiki kwenda nje ya seva, na nimeshairudisha moja kwenye XAMPP kuona kama inafunguka, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa siihesabu.

Karani sasa ananidai kitu kingine: anataka tangazo likitoka, lijitume lenyewe kwa wazazi kwa SMS. Kuunganisha hakunitishi. Gharama ya kila ujumbe ndiyo inayojadiliwa kwa mhasibu, na hadi hapo anabandika kiungo cha tangazo kwenye grupu la WhatsApp la wazazi.