Zawadi ya polisi Washington, na ile saa tano kasorobo iliyonichelewesha miezi miwili

Kijana aliyeuawa mtaani kwetu alikuwa akinibebea mifuko ya unga kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, bila kuombwa. Naanza na yeye kwa sababu kila anayenipigia simu siku hizi anaanza na pesa. "Mama, ni kweli walikupa zile dola 25,000?" Sikupewa zote, nitaeleza. Nimechoka kusikia habari yangu ikisimuliwa kwenye magrupu na watu ambao hata mlango wa mahakama hawaujui, kwa hiyo leo naisema mwenyewe.

Naishi Washington, pembeni ya Georgia Avenue, upande wa Petworth. Nalea wazee kule Silver Spring, na usiku narudi kwa basi. Usiku ule wa Novemba nilikuwa nimeshuka tu nikasikia milio mitatu. Gari jeusi likatoka uchochoroni bila taa. Lilipokanyaga breki pale kona, niliona taa yake ya nyuma ya kushoto imezibwa kwa plasta nyekundu, plasta imechanika katikati, mwanga mweupe unapenya kama ufa wa mlango. Nilichokiona ni hicho. Sura sikuiona na sijawahi kudai niliiona.

Siku chache baadaye karatasi za polisi zikabandikwa kwenye nguzo: picha ya mtoto wa watu, na chini yake zawadi ya hadi dola 25,000 kwa taarifa itakayofanya muuaji akamatwe na kutiwa hatiani. Hicho ndicho kiwango polisi wa jiji walichokuwa wakitangaza kwa kila mauaji. Watu walisoma namba tu. Neno "hadi" wakaliruka, na "kukamatwa na kutiwa hatiani" wakaliruka pia.

Shemeji yangu akanishauri: "Shemeji, tuma meseji kwa polisi, 50411, usitaje jina, wakimkamata tu pesa unaletewa." Ile namba kweli inapokea taarifa bila jina, na kama huna haja ya zawadi itumie bila wasiwasi. Ila mimi niliandika mstari mmoja: gari jeusi, taa mbovu. Magari meusi yenye taa mbovu mji huu ni mangapi? Plasta sikuitaja, uchochoro sikuutaja.

Nikawapigia polisi simu, 202-727-9099. Ukipiga sema unataka mkalimani wa Kiswahili, usione haya. Jiji hili lina sheria ya lugha tangu 2004, na ni haki yako. Nikaunganishwa na mkalimani, nikaeleza vizuri kabisa, na saa nikaitaja: saa tano kasorobo usiku. Nikalala nimetua mzigo.

Kimya. Krismasi ikapita, Januari ikaingia. Kuna asubuhi nilikuwa namnywesha mzee uji, ananiuliza saa, nikamjibu kwa Kiingereza, na palepale kijiko kikasimama mkononi. Mkalimani alikuwa amesema nini? Nilipotoka kazini nikapiga tena, nikaomba nisomewe taarifa yangu neno kwa neno. Imeandikwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri! Saa tano yetu imefanywa tano ya Kizungu. Yaani shahidi aliyeona gari lenye kuua amegeuzwa mwanamke aliyeona gari saa sita nzima baada ya mauaji. Nani angenitafuta? Ndugu zangu, mkizungumza na mkalimani, saa itajeni kwa hesabu ya Kizungu, kisha mwambieni airudie.

Mpelelezi akaja siku ile ile. Akataka kitu cha kuthibitisha saa, na hapo ndipo ninapojivunia. Mwenye nyumba wetu ana kamera mlangoni. Aliinunua wakati jiji lilipoanza kurudishia watu sehemu ya gharama za kamera, mwaka 2016. Alikuwa ameshaangalia picha za saa nne hadi saa tano usiku ule, akaona barabara tupu, akasema hakuna kitu. Nikamwomba asogeze mbele. Tukakaa jikoni kwake, chai ikapoa. Mara nikajiona: koti langu la bluu, mfuko wa unga, nashuka kwenye basi. Gari likapita, breki, plasta. Lakini saa ya kamera inasema saa sita kasorobo. Wiki ile saa za Marekani zilikuwa zimerudishwa nyuma, na kamera hakuna aliyeigusa.

Basi nikatoa kadi yangu ya basi. Nilikuwa nimeiandikisha kwa jina langu ili ikipotea salio lisipotee, na kadi iliyoandikishwa unaweza kutazama safari zako zote. Ikaonyesha nilipanda Silver Spring saa nne na dakika 27. Safari ni kama dakika ishirini. Mpelelezi akaangalia karatasi, akaangalia picha, akaniomba ruhusa ya kuvichukua vyote viwili.

Kukamatwa kulifuata, na pesa haikuja. Niliitwa mbele ya jopo la raia wanaosikiliza ushahidi faraghani, nikalipwa dola 40 za siku ya shahidi, basi. Jueni pia kwamba hapa mtu mzima aliyeua hushtakiwa na waendesha mashtaka wa serikali kuu, ilhali zawadi ni ya jiji. Kwa hiyo wale unaowaona mahakamani si wao wenye fungu. Jina la mpelelezi wako na namba ya kesi viandike mahali.

Katikati hapo wengine wakanijaza maneno ya makaratasi ya uhamiaji, eti shahidi anapewa viza ya U. Viza ile ni ya mtu aliyetendewa uhalifu, akaumia, akasaidia uchunguzi. Nazo ni 10,000 kwa mwaka nchi nzima. Kuna dada alitaka kwenda kujaza fomu kwa sababu tu alisikia risasi. Nilimzuia asitupe pesa zake kwa mtu wa fomu.

Mshtakiwa alikiri kosa karibu miaka miwili baadaye. Kukiri ni kutiwa hatiani, kwa hiyo zawadi ikafunguka. Mtu mwingine naye alikuwa ametoa taarifa, tukagawiwa. Yangu ilikuwa chini ya nusu kidogo. Na inakatwa kodi, ni kipato kama kipato kingine, kwa hiyo nilitenga sehemu kabla sijanunua hata khanga. Iliyobaki ilipaua nyumba ya mama Tanga.

Siku ya hukumu mama yake kijana alikaa kiti cha mbele yangu. Hakujua mimi ni nani, na sikumwambia. Alikuwa ameshika kofia ya mwanawe, anaikunja, anaikunjua.

Kamera ya mwenye nyumba naipanga saa mwenyewe sasa, Machi na Novemba. Amenipa ngazi.