Baiskeli na skeiti zikigongana: ninavyozipa kodi za ICD-10

Faili lililoandikwa "ajali ya barabarani, maumivu ya mkono" halina kodi ndani yake, yaani ile alama ya herufi na tarakimu inayotaja jeraha au chanzo chake. Kwa majeruhi wa skeiti na baiskeli nimeona kwamba kodi hupatikana au hupotea pale mapokezi, kabla aliyemleta mgonjwa hajaondoka. Ndiyo maana maswali yangu nayauliza mapema: mgonjwa alikuwa juu ya nini? Alimgonga nani, au aligongwa na nini? Alikuwa anaendesha au amepakiwa? Ilikuwa barabarani au nje ya barabara?

Swali la kwanza ndilo linalokosewa zaidi. Katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kodi za magonjwa na majeraha, aliyevaa skeiti au aliye juu ya skeitibodi huhesabiwa kuwa mtembea kwa miguu. Kwa hiyo ajali moja hutoa kodi mbili. Mwendesha baiskeli akimgonga kijana wa skeiti barabarani, kijana anapata V01.1 na mwendesha baiskeli V10.4. Kuwapa wote wawili kodi moja ni kosa, hata kama wamefika pamoja.

Wa skeiti akigongana na mtu anayetembea, wakaanguka, ni W03. Akianguka peke yake ni W02, na tarakimu ya nne inataja mahali: W02.2 shuleni, W02.3 uwanja wa michezo, W02.4 mtaani.

Kwa mwendesha baiskeli, kilichomgonga ndicho kinachoamua: baiskeli nyingine V11, bodaboda au bajaji V12, gari dogo V13, lori au basi V14, nguzo au ukuta V17. Akiingia shimoni akaanguka bila kugongana na kitu ni V18. Tarakimu ya mwisho ni .4 kwa anayeendesha na .5 kwa abiria, ikiwa ni barabarani; nje ya barabara ni .0 na .1. Namwomba daktari asiandike "gari" tu. Aandike Coaster, pikipiki, lori, kwa sababu neno "gari" peke yake haliniambii kama ni V13 au V14.

Na barabara ya umma haiishii kwenye lami. Inahesabiwa kwa upana wote hadi mipaka ya viwanja, kwa hiyo njia ya waenda kwa miguu imo. Ua wa shule haumo.

Kodi za V na W, yaani za chanzo cha jeraha, hazitangulii kamwe kwenye faili la mgonjwa. Jeraha ndilo hali kuu: S52.5 kwa mfupa wa radius (wa mkono, upande wa kidole gumba) uliovunjika karibu na kiganja, S52.6 ikiwa na wa ulna (upande wa kidole kidogo) umevunjika, S42.0 kwa mtulinga, S06.0 kwa mtikisiko wa ubongo. Kwa mivunjiko naongeza tarakimu ya tano, 0 uliofungika na 1 wenye kidonda wazi. Daktari asipoandika hali ya ngozi juu ya mvunjiko, namrudishia faili. Sikisii. Kwa kichwa nataka alama za GCS (kipimo cha kiwango cha fahamu) na muda aliopoteza fahamu.

Tumbo linahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto aliyeangukia ncha ya usukani huweza kuwa na alama ndogo ya duara kwenye ngozi huku ndani wengu (S36.0), ini (S36.1) au kongosho (S36.2) limeumia. Maneno "usukani ulimpiga tumboni" yaandikwe siku ileile, kwa sababu maumivu yakizidi kesho yake, zamu mpya haitakuwa na kingine cha kuiongoza.

Anayebeba abiria kwa baiskeli naongezea kodi ya shughuli 2, yaani kazi ya kipato. Aliyekuwa mazoezini ni 0.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta kodi mtandaoni: ukikuta V00.111A, hiyo ni ya toleo la Marekani. Kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani kundi hilo linaanzia V01, wala herufi A mwishoni haipo, na mfumo uliojengwa juu ya kitabu hicho hautaitambua.