Karanga nilizozitupa ndizo zilizonipatia wateja

Kopo lilirudi na vumbi kwenye kifuniko, ndani mafuta yamepanda juu unene wa kidole. Mwenye duka akaliweka kwenye kaunta, akaniambia, "Dada, hii imeharibika, watu wanaishika halafu wanairudisha." Nikamwomba kijiko, nikakoroga mbele yake mpaka siagi ikarudi kuwa laini, nikaonja. Haikuwa imeharibika. Siagi ya karanga isiyotiwa kitu kingine zaidi ya chumvi kidogo ndivyo ilivyo, ikikaa mafuta yanajitenga. Lakini mteja aliyesimama dukani saa moja jioni akiwa na mtoto mkononi atajuaje, wakati lebo yangu ilikuwa na jina, ua jekundu na namba ya simu tu?

Hiyo ilikuwa Machi 2021, hapa Dodoma. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu katika kazi hii ya kusaga siagi ya karanga, nikiuza makopo thelathini, arobaini kwa mwezi, nikijiambia kwamba biashara inakua kwa sababu nimeshaingia maduka kumi na moja. Siku ile nilizunguka yote. Nilikuwa nimeacha makopo 60 kwa mali kauli, yaani duka linalipa likishauza, kwa bei ya jumla ya shilingi 3,500. Nilikusanya 77,000, yaani makopo 22. Mengine yalikuwa yamekaa juani dirishani, mengine hayakuonekana, na duka moja lilikuwa limefungwa kabisa, mwenyewe hapokei simu mpaka leo.

Usiku ule ndipo nilipofungua daftari kwa mara ya kwanza nikiwa na nia ya kujua ukweli. Mpango wa biashara nilikuwa nao. Kijana mmoja wa steshenari aliniandikia kurasa kumi na mbili nilipokuwa nataka mkopo, zikisema nitauza makopo 2,000 kwa mwezi ifikapo mwaka wa pili. Hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja karanga zinashuka bei lini.

Upande wa baba sisi ni watu wa Kongwa, wilaya ya mkoa huuhuu wa Dodoma, na Kongwa hadithi ya karanga kila mtu anaijua. Waingereza walikuja 1947 na matrekta na mpango mkubwa wa kulima karanga ili wapate mafuta ya kula kwao, maana vita ilikuwa imewaacha na uhaba. Mvua ya Kongwa hawakuiuliza, na udongo wake ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Kufikia 1951 mpango umefutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Shangazi yangu analima karanga palepale wilayani kwa jembe la mkono, na anapata. Nilipomaliza kusoma zile kurasa kumi na mbili niliziweka chini, nikapanda basi kwenda kwake.

Nilikaa siku nne. Kalenda yangu ya biashara naihesabu kuanzia pale. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Karanga zinang'olewa Aprili na Mei, zinaanikwa, na Juni ndipo kila nyumba ina magunia na kila nyumba inataka ada ya shule. Mwaka ule, kwa hesabu ya karanga zilizobanguliwa, kilo ilikuwa 2,400 kwa mkulima. Daftari langu lilionyesha kwamba Januari nilinunua sokoni mjini kwa 3,900. Kilo kumi zikishachambuliwa, zikakaangwa na kupepetwa maganda, zinanibakizia kama kilo nane za siagi, yaani makopo ishirini ya gramu 400. Tofauti ile ya bei peke yake ni shilingi 750 kwa kila kopo. Nilikuwa nahangaika kutafuta duka la kumi na mbili wakati faida yangu ilikuwa imelala Kongwa tangu Juni.

Shangazi alinionyesha jambo jingine. Alichukua karanga yenye ganda akaitikisa sikioni kwangu. "Sikia. Inalia. Isiyolia usinunue, mwanangu, hata wakikupa bure." Inayolia imekauka. Kisha akanieleza kwamba wapo wanaolowesha karanga kwa maji usiku ili kubangua kwa mkono kuwe rahisi, na uzito nao unaongezeka kidogo, halafu zinafungwa kwenye gunia zikiwa na unyevu. Hapo ndipo fangasi wanapopata nyumba.

Kwa mtu wa Dodoma hilo si jambo dogo. Mwaka 2016 watu walifariki mkoani kwetu na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya fangasi inayoshika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri na kuharibu ini. Mbaya zaidi, kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo nilipokuwa nachambua karanga nyumbani nilikuwa natupa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu. Katika kilo kumi naondoa karibu kilo nzima. Kwenye daftari niliiandika "hasara", na ikaniuma kila mara, kwa sababu sokoni zile mbovu zina wanunuzi wake. Zinasagwa, na ikishakuwa unga hakuna anayeziona.

Pesa ya kununua Juni nilikuwa sina. Niliandaa hesabu ya ukurasa mmoja, nikaipeleka kwenye kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa: nataka laki tisa, nina laki tano na arobaini zangu, nitanunua kilo 600, nitarudisha kwa miezi minane. Mweka hazina wetu ni mama mtu mzima, ana biashara ya vitenge. Akaniuliza swali moja: "Na zikibaki?" Nilikuwa sijalifikiria. Nikarudi nyumbani, nikaandika jibu: zikifika Novemba zaidi ya nusu ziko ghalani, nauza kilo 100 zikiwa mbichi kwa wakaanga karanga, bei ikiwa imeshapanda. Akasaini. Swali lile limenisaidia kuliko semina zote nilizohudhuria, na sasa kila ninapotaka kutoa pesa najiuliza hivyo kabla ya jambo lolote.

Nilinunua karanga za maganda, nikazihifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, na nabangua za wiki moja moja tu.

Sasa wateja. Nilikuwa natuma picha kwenye status ya WhatsApp, kopo limewekwa juu ya kitambaa cheupe na maua pembeni. Watu wanaangalia, wanapita. Agosti ile, siku moja nimekaa nachambua, ungo magotini, nikapiga picha ya rundo lililokuwa pembeni: karanga nyeusi, zenye ukungu wa kijani, zilizokunjamana. Nikaandika, "Hizi nimezitoa leo kwenye kilo kumi. Haziingii kwenye kopo lako." Kufikia jioni nilikuwa na jumbe kumi na tisa. Dada mmoja ambaye alikuwa na namba yangu miaka miwili bila kununua hata kopo moja aliuliza, "Kwani hizo huwa mnasaga?" Nikamjibu kwamba mimi sisagi, na nikamwalika aje kuona. Alikuja na mwanawe, akakaa kwenye mkeka nusu saa akichambua na mimi. Aliondoka na makopo matatu, na kupitia kwake nikapata wazazi wengi wa shule ya chekechea anakosoma yule mtoto.

Tangu hapo kila wiki naweka picha ya ungo na tarehe. Zilizotupwa nazipima, naandika uzito, kisha nazichoma. Kwenye daftari nimefuta neno "hasara", nimeandika "matangazo", na naziingiza kwenye gharama ya kila kopo kama ninavyoingiza lebo na gesi. Bei yangu ya rejareja ikatoka 4,500 mpaka 5,000, na sikupoteza mteja ninayemkumbuka.

Maduka niliyaacha tisa. Nikabaki na mawili yanayolipa siku ya kupokea mzigo. Muda uliopatikana nikaupeleka kwenye kuonjesha: Ijumaa saa tisa na nusu jioni, kwa ruhusa, karibu na geti la ofisi, mkate umekatwa vipande vinne vinne, kijiko kimoja cha kupakia na vijiti. Watumishi wengi wamehamia Dodoma na familia zao tangu serikali ilipoanza kuja huku, na wanatafuta kitu cha haraka cha kuwapa watoto asubuhi. Anayeonja nampa pia sentensi moja, kwa mdomo: mafuta yakipanda juu, koroga. Sentensi hiyohiyo sasa iko kwenye lebo, chini ya jina, kwa herufi kubwa kuliko namba yangu ya simu. Sijarudishiwa kopo tena kwa sababu ya mafuta.

Kila anayenunua naandika jina, tarehe na ukubwa wa kopo. Baada ya miezi michache niliona kwamba familia yenye watoto wawili inamaliza kopo kwa wiki tatu hivi. Kwa hiyo siku ya kumi na nane natuma ujumbe mfupi: "Dada, shikamoo kwa mama. Siagi bado ipo?" Situmi tangazo, siweki picha. Katika majina 84 ya mwanzo, 51 walinunua tena. Wale 33 ambao hawakurudi niliwapigia mmoja mmoja, na hapo nilijifunza kuhusu chumvi: wengi wao walikuwa na watoto wadogo na hawakuitaka. Nikaanza kutoa isiyo na chumvi, na kwa sasa ni karibu theluthi ya ninachosaga.

Karanga zile kilo 600 ziliisha Februari. Mkopo wa kikoba nilikuwa nimemaliza Januari. Ile miezi mitatu ya kusubiri mavuno ilikuwa migumu, nilinunua sokoni kwa bei ya juu na nikalazimika kuchambua mara mbili, lakini sikuwakatia wateja.

Uthibitisho wa ubora wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, niliuanza kupitia SIDO, shirika la serikali linalohudumia viwanda vidogo, walioniandikia barua ya utambulisho. Kazi kubwa ilikuwa chumba: hawakubali usage pale unapopikia familia, na wako sahihi. Nilikarabati chumba cha uani, sakafu na kuta ziwe za kuoshwa, wavu madirishani. Anayeanza leo ningemshauri aingize gharama ya chumba kwenye hesabu mapema, maana mimi ilinikuta katikati ya msimu na ikala pesa ya makopo.

Msimu huu nataka kilo 1,000. Swali la mama mweka hazina nimeshalijibu, safari hii kwa karatasi mbili. Jumamosi naenda Kongwa. Shangazi ameshaongea na majirani zake sita: atakayeanika kwenye turubai na asiloweshe, namuongezea shilingi 200 kwa kilo. Amesema kila gunia litafunguliwa mbele yangu, na yeye mwenyewe ndiye atakayetikisa.