Usiku ule Leicester

Mei 2, 2016, Jumatatu. Leicester City hata hawakucheza siku hiyo. Walikuwa wanacheza Chelsea na Tottenham, na Tottenham wasiposhinda, Leicester ndio mabingwa wa Ligi Kuu ya England. Basi sisi tunaoishi huku Leicester tulikuwa tumegandia runinga kama mechi ni yetu.

Niliangalia kwa jirani yangu, mzee wa Kihindi aliyetoka Kampala mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Kiswahili chake bado kipo. Spurs, yaani Tottenham, walipoongoza mbili bila hadi mapumziko, alisukuma bakuli la karanga pembeni, akaniambia, "Mwanangu, tulia." Mimi sikutulia. Cahill wa Chelsea akarudisha moja. Dakika ya 83 mwenzake Hazard akaupiga ule mpira ukakunja kona ya juu, na mzee akanishika mkono kwa nguvu, vidole vyake vinatetemeka.

Ikaisha 2-2. Mabingwa!

Msimu uliotangulia tulinusurika kushuka daraja. Msimu ule tulifungwa mara tatu tu: Arsenal mara mbili, Liverpool mara moja. Mshambuliaji wetu Vardy alifunga mechi 11 mfululizo. Lakini kwangu mimi, moyo wa timu ile ulikuwa kiungo wetu Kanté. Alikuwa anapokonya mpira, anatoa pasi, ukigeuka kidogo yuko upande wa pili anapokonya mwingine.

Tukatoka nje. Mtaa mzima honi, watu wanakumbatiana bila kujuana. Mzee alisimama mlangoni na kandambili zake, analia, wala hafuti machozi.