Likizo bila nauli ya Dar

Wiki nzima wimbo ni mmoja, baba twende Dar, baba twende Dar. Leo nikawapakia kwenye bajaji mpaka Mikindani, kilomita kama 10 tu toka Mtwara mjini 😂

Tukaanzia Boma la Mjerumani, lile la 1895. Dakika kumi washachoka historia wanataka maji.

Kufika ufukweni maji yamekupwa. Mama mmoja anaokota chaza akamfundisha mwanangu wa mwisho kushika kaa kwa nyuma asimbane, basi katoto kakatulia na kaa wake kama kameshika yai, hakaongei, hata muhogo wa kukaanga kamekataa!

Sahizi kamelala, vidole bado kamevikunja vilevile.

Wa Mtwara na Lindi, nyie watoto mnawapeleka wapi?