Swichi mpya ya Land Rover 109

Land Rover ya marehemu baba, pikapu ya petroli Series III ya 1976, ilianza kuzima kila gurudumu likiingia shimoni. Ukitikisa ufunguo, inawaka, dalili kwamba tatizo liko kwenye swichi ya ufunguo. Fundi mmoja alitaka tukate nyaya tuweke kitufe badala ya swichi. Nilikataa katakata: nyaya za Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, zina rangi zinazojieleza, na ukizichakachua, fundi atakayekuja baada yako atahangaika.

Kwanza nikachomoa waya wa hasi kwenye betri. Hilo halina mjadala, maana waya wa kahawia nyuma ya swichi una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mweupe unapeleka umeme kwenye koili (inayotengeneza umeme wa cheche za plagi) na fyuzi. Mweupe wenye mstari mwekundu unaamsha stata. Kichwa cha ule wa kahawia kilikuwa kimeungua, plastiki imeyeyuka, shaba nyeusi tii. Ukifunga swichi mpya kwenye shaba ya namna hiyo, nayo itaungua. Nilikata hadi nikafikia shaba inayong'aa, nikabana kichwa kipya kwa koleo.

Nilipofunga swichi mpya, nikarudisha waya wa betri na kuzungusha ufunguo, taa za chaji na oili ziliwaka, stata ikadaka papo hapo. Sasa ni zamu ya nyaya za taa za nyuma.