Injini ya boti iliyokataa kutulia baada ya miezi minane stoo

Injini yangu ni ya nguvu farasi 15, ina silinda mbili na kabureta moja (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ya aina ile ambayo petroli yake huchanganywa na oili. Ilikaa stoo miezi minane, imesimama wima kwenye stendi, imefunikwa turubai, nami nikaamini nimeitunza vizuri. Siku ya kuirudisha kazini niliifunga kwenye pipa la maji, propela nikiwa nimeitoa kwa usalama, nikavuta kamba. Iliwaka mvuto wa sita. Moshi ukatoka, maji ya kupozea yakachuruzika kwenye kitundu chake, na hapo nikajua angalau impela ya pampu haijafia stoo.

Tatizo lilijitokeza niliposhusha resi. Ilianza kutetemeka mwili mzima, ikamisi, ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikiipandisha resi inanguruma safi kabisa. Nikiirudisha kwenye silensi, yaani mzunguko wa chini kabisa bila resi, haimalizi hata nusu dakika.

Nilishika bisibisi upesi kuliko ilivyotakiwa. Nikaikaza skrubu ya silensi mpaka injini ikaacha kuzima, nikadhani nimemaliza. Nilipoingiza gia, ikaingia kwa kishindo kilichotikisa pipa. Silensi ikiwa juu hivyo, meno ya gia yanagongana kila unapoingiza, na hayo ukishayala, gharama yake si ya kabureta tena. Nikairudisha skrubu ilikokuwa, nikampigia simu fundi mmoja mtu mzima ambaye amefungua mashine za boti tangu mimi ni mtoto.

"Shikamoo mzee."

Aliitikia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kuhusu choki, kile kibati kinachopunguza hewa inayoingia kwenye kabureta: "Ikitaka kuzima, umewahi kuivutia choki kidogo?"

"Bado, mzee."

"Basi ivutie, mwanangu. Ikipata nafuu, ina njaa. Ikizidi kulemewa, imeshiba kupita kiasi. Ukishajua hilo ndipo ufungue."

Niliivuta choki nusu. Injini ikajikusanya, ikazunguka karibu vizuri. Ilikuwa na njaa: hewa nyingi, mafuta machache. Kabla ya kuifungua nikafanya jaribio jingine. Niliizima, nikachomoa waya wa plagi ya juu na kuubana kwenye bodi ili cheche isiruke ovyo, nikawasha na kusikiliza. Kisha nikafanya hivyo kwa plagi ya chini. Kila mara injini ilidhoofika kwa kiasi kilekile. Kama silinda moja ingekuwa imekufa, kuchomoa waya wake kusingebadilisha kitu. Zote mbili zilikuwa zinafanya kazi na zote mbili zinaumwa sawasawa, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa mahali zinapokutana, yaani kwenye mafuta. Jaribio hilo ndilo lililoniokoa nisinunue plagi na koili bure.

Nikamimina mafuta ya tangi kwenye chupa ya kioo, nikaiacha itulie. Yalinuka ukali wa vanishi, na chini ya chupa matone ya maji yalibingirika kama shanga kila nilipoinamisha. Hayo niliyaweka kando, yasirudi kwenye injini. Nikasafisha tangi na chujio, nikachanganya mapya, oili mililita 200 kwa petroli lita 10, kama kitabu cha injini hii kinavyotaka.

Kisha kabureta. Bakuli lake la chini lilikuwa na utando wa kunata, rangi ya asali iliyoungua. Petroli ikiachwa humo inavukiza polepole na kubakiza utomvu huo, nao huanza kuziba pale palipo pembamba zaidi. Jeti kubwa, yaani kipande cha shaba chenye kitundu kinachopima mafuta, niliitoa, nikaiinua kuelekea mwangani, nikaona duara safi. Nikasafisha bakuli, boya na sindano yake, nikafunga. Silensi ikabaki vilevile.

Ilinichukua jioni nzima kuelewa nilichokiruka. Kuna jeti ya pili, ndogo, imezama ndani ya shimo lake kiasi kwamba usipoitafuta unaiona kama sehemu ya ukuta. Hiyo ndiyo inayolisha injini kwenye silensi. Resi ikipanda, jeti kubwa inachukua kazi, ndiyo maana kule juu mambo yalikuwa shwari. Nilitafuta bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, kwa sababu shaba ile ni laini na ikivunjika ukingo huitoi tena. Nikaitoa, nikaielekeza kwenye taa. Giza totoro.

Niliiloweka usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta. Asubuhi nikapitisha unyuzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme, taratibu, bila kuusukuma kwa nguvu. Sitakubali mtu atie waya wa chuma humo: ukilipanua tundu, umeharibu kipimo chenyewe. Nikapuliza kwa hewa ya kompresa, nikaitazama tena. Nuru ikapita, nukta ndogo kama ncha ya sindano, na sikumbuki nuru nyingine niliyoifurahia namna ile. Skrubu ya hewa nayo niliitoa ili kupuliza njia yake, lakini kwanza niliizungusha ndani nikihesabu mpaka ikagusa kidogo. Yangu ilikuwa mzunguko mmoja na nusu, na niliirudisha hapohapo.

Injini ilitulia. Baada ya kama dakika kumi ikaanza tena kuyumba, moyo ukanishuka. Safari hii nilifunua pipa na kuona moshi umetanda juu ya maji, ukivutwa na injini yenyewe badala ya hewa safi. Nikahamia baharini.

Huko ilidumu zaidi, ila mara mojamoja ilisinzia. Nilishika lile puto la mpira la kusukumia mafuta, nikalikuta limelegea wakati linatakiwa kuwa gumu. Skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi ilikuwa wazi, kwa hiyo tangi halikuwa linabana. Nilipokagua kiungo cha mpira upande wa injini, oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, ilikuwa imekauka na kupasuka, inavuta hewa. Nikabadilisha oringi, nikaminya puto mpaka likakaza, nikawasha.

Marekebisho ya mwisho ya silensi niliyafanya hapo majini, injini ikiwa ya moto na gia imeingizwa, kwa kuwa kwenye pipa mzigo si uleule. Kisha nikaiacha isukume boti polepole kando ya maboya, mkono wangu ukiwa juu ya usukani bila kugusa resi. Mtetemo ule haukuwepo. Nilichosikia ni maji ya kupozea yakidondoka nyuma yangu, mkondo mwembamba usiokatika.

Sasa kabla ya kuiweka stoo nachomoa mpira wa mafuta na kuiacha izunguke mpaka inazima yenyewe, halafu nafungua skrubu ya chini ya bakuli nimwage kilichobaki.